Kibaba cha Angani

Saa mbili usiku Puesto Lenga, kuni zinalia kwenye majiko ya chuma,
na kaya ishirini na tatu zinafungua simu kwa mpigo
kama watu walioambiana.
Mimi ndiye mwenye ufunguo wa kibanda cha dishi.
Kwa hiyo mimi ndiye mwenye makosa.

"Otilia, kulikoni?" Heriberto anagonga dirisha:
picha ya beberu lake la kondoo imekwama njiani,
mnunuzi kule Coyhaique ameziona pembe,
bado anausubiri mwili.
Yobana anasema mama yake, kwenye kioo,
amefungua mdomo tangu saa mbili kasoro
na hajaufunga.
Delfín anaapa ni theluji.
Mkewe anaapa ni Delfín na mpira wake.

Nimepanda ngazi. Nimelifagia dishi kwa ufagio wa jikoni.
Dishi halina neno. Limekodoa jicho kaskazini,
kwenye nukta isiyotikisika,
kilomita elfu thelathini na sita juu ya ikweta.
Swali lipande lishuke, jibu lipande lishuke:
nusu sekunde na ushei. Huo ni umbali tu,
tumeuzoea, tunaongea kwa kupishana
kama watu wenye adabu.
Tuwe wawili, tuwe mia, umbali ni ule ule.

Kinachopungua ni kibaba.

Nilimweleza Heriberto, sufuria mkononi:
huko juu kumepimwa kibaba kimoja,
hakiumuki kwa kuwa wageni wameongezeka.
Alfajiri unakula peke yako, unasaza.
Usiku tunajipanga na mabakuli yetu,
mpakuaji mmoja, mwiko mmoja,
unapewa punje, unarudi nyuma ya mstari,
unapewa punje.
Penye wengi, walisema wahenga, hapaharibiki neno.
Hawakuwa na dishi.

Mwezi wa saba, mtoto wa Yobana akavimba shingo.
Barabara imefungwa, daktari yuko Santiago,
atamwona kwa kioo, saa mbili usiku, dakika kumi na tano.
Tukapita mlango kwa mlango: zimeni.
Delfín alizima mechi dakika ya themanini, ikiwa sare.
Nitalitaja hilo siku ya kumzika.
Kaya ishirini na mbili zikakaa zikitazama moto,
na daktari akaja vipande vipande:
jicho,
kola ya koti,
sauti bila mdomo, "mso... ge... ze..."
kisha kimya, na kiduara kinazunguka.

Tukatazamana. Nani hajazima?
Ujirani wa miaka thelathini uliyumba pale mlangoni.

Nikaipigia kampuni kwa redio ya kituo cha askari.
Kijana akajibu, sauti imejaa usingizi:
"Mama, mwale unaowaangukia si wenu peke yenu.
Ni mpana kuliko mkoa."
Kuna mgodi nyuma ya mlima.
Kuna mabwawa ya samaki huko kwenye mikono ya bahari,
wachunga ng'ombe upande wa Argentina,
shule mbili, hoteli ya wapanda barafu.
Miaka sita tumekula nao sinia moja
na hatujawahi kunawa pamoja.

Daktari alikubali saa kumi alfajiri.
Akatokea mzima: miayo yake,
doa la kahawa kwenye mfuko, hata kalamu imeandikwa nini.
Mtoto akaambiwa afungue kinywa, akafungua,
na wakati ule ule, kule, kikaonekana kimefunguka.
Wasiojulikana walikuwa wamelala.
Sikumbuki zawadi kubwa kuliko usingizi ule.

Siku hizi kiduara kikianza kuzunguka siligongi dishi.
Namfikiria mtu nyuma ya mlima,
ngazini, ufagio mkononi,
anafagia theluji isiyo na hatia na kutulaani.
Nazima simu yangu kidogo, nimwachie kijiko.
Hakimfikii, najua.
Anakidaka Delfín.